Tarumbeta Arubaini na Kidani Kimoja

Jumamosi, 1 Juni 1946

Kapteni Pilbimu amekuja shuleni kwetu. Nimemwona nusu, maana nilisimama nyuma ya nguzo.

Huyu ndiye mtungaji wa nyimbo za gwaride ambaye santuri zake hupigwa dukani kwa babake Sattar tangu asubuhi. Jeshi zima hupiga miguu kwa nyimbo zake. Nilidhani atakuwa jitu. Ni mtu mfupi, ana upara, na alikuwa akila ndizi.

Amefika na bendi ya jeshi, watu arubaini, wamepiga kambi Ganjoni. Jumamosi ijayo ni sherehe ya ushindi wa vita. Ametangaza kwamba ataka sauti moja ya Mombasa, sauti ya wenyewe wa mji, aifanye wimbo mpya wa gwaride. Atakayeileta jina lake litasomwa mbele ya watu, kisha atachukuliwa Nairobi miezi mitatu kusoma muziki na bendi.

Darasa zima likageuka kumtazama Sattar, ambaye ana kinanda kwao. Hakuna aliyenitazama mimi. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu: niliumia.

Mimi nina aibu. Nikisimamishwa kusema, sauti huingia ndani kama kobe. Asubuhi nasomeshwa Kiingereza, alasiri Kiarabu, na kwa lugha zote mbili nimenyamaza sawasawa. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna mwalimu wa kunisahihisha.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza habari za Kapteni. Wote wana harusi kichwani. Dada yangu Khairiya aolewa Alhamisi ya tarehe 13 na binamu yetu Abdulghafur, mwana wa Shangazi Bimdogo. Ndoa hii ni kama kubeba mayai kwa ungo. Mama ana chama chake cha lelemama, ngoma ya wanawake, na Shangazi ana chake. Miaka saba iliyopita chama cha Shangazi kilimwimba Mama kwa mafumbo katika harusi ya watu, mbele ya wanawake wa mji mzima. Tangu siku hiyo wifi hawa wawili hawakupeana hata salamu, hadi mwaka huu walipopatanishwa ikasomwa Fatiha. Sharti moja: wimbo ule usiimbwe tena, usivumishwe, usipigiwe hata kofi. Ukisikika, ndoa haipo.

Mimi siujui. Mwaka ule nilikuwa Malindi kwa mjomba, chuoni. Nikiuliza ulikuwaje naambiwa nikajaze mtungi.

Jumapili, 2 Juni

Nimetunga wimbo wa gwaride! Wangu mwenyewe, kutoka moyoni. Nimeupiga mruzi juu ya dari kutwa, hata Bibi akaniambia niache, mruzi huita mashetani.

Alasiri nimegundua kwamba ni kengele ya shule, imerudiwa mara nne.

Nimekaa jikoni kwa huzuni. Mama alikuwa ametoka kwenda kwa fundi wa nguo. Bibi Mwanakuu, mamake Baba, akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi, na huku akikuna akavumisha sauti. Chini kwa chini, mdomo umefungwa. Ilipanda kama ngazi, ikasita, ikashuka kwa fahari. Na mbuzi ikipiga krr, krr, krr, mguu wa kushoto, mguu wa kulia.

Mama alipobisha hodi Bibi akanyamaza hapo hapo. Nimechunguza: huvumisha tu Mama akitoka. Nadhani naye ana aibu. Nimeirithi kwake.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Ganjoni peke yangu. Nimezunguka kambi mara tano. Mara ya sita askari mmoja akaniuliza kama nimepoteza mbuzi.

Ni Koplo Wekesa, mpiga tarumbeta, mtu wa bara huko Magharibi, mpole sana. Sikuweza kusema. Nikapiga mruzi. Aliacha kusugua tarumbeta, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika nota zote kwenye karatasi huku akitikisa kichwa. Akasema, kijana, huu wimbo una miguu. Akauliza ni wa nani.

Nikasema ni wangu.

Nimelifikiria jambo hili ndia nzima ya kurudi. Bibi ni wangu. Basi wimbo wake ni wangu. Hata maalimu wa mirathi hapingi.

Akauliza jina. Kwa hofu ya kuchanganywa na Zein wengine wa Kibokoni, ambao ni wanne, nikamwandikisha langu, la Baba, la Babu, la ukoo, na mtaa.

Alhamisi, 6 Juni

Wimbo umechaguliwa!

Koplo Wekesa alikuja langoni mwa shule kunipa habari. Kapteni ameupiga kinandani siku mbili bila kula vizuri. Amesema katika miaka thelathini ya kutunga hajapata sauti yenye kichwa kilichoinuliwa hivi. Ameita wimbo huo “Salamu za Mombasa”. Wa Sattar umekataliwa, Kapteni ameshausikia Bombay.

Sattar akaniambia, we Zein, hata hujambo huwezi kuitikia, wimbo umeutunga saa ngapi? Nilitaka kumjibu jibu la kukata maini. Lilinijia baada ya chakula cha mchana.

Nyumbani sikusema neno. Nataka washtuke.

Jumamosi, 8 Juni

Wameshtuka.

Naandika nikiwa ndani ya kabati la nguo za Baba, mlango nimeuacha wazi kidogo kwa ajili ya mwanga. Nitaandika kwa utaratibu.

Watu walijaa Ndia Kuu tangu asubuhi. Wanawake madirishani juu, wanaume barazani, watoto popote. Nikatazama dirisha la nyumba ya binamu wa Baba, na nikaona jambo ambalo halijaonekana miaka saba: Mama na Shangazi Bimdogo wamekaa dirisha moja, wanakula kashata sahani moja. Mji mzima uliwaona. Nikasema moyoni, leo watajivunia mimi pamoja.

Bendi ikaja. Kapteni mbele na fimbo yake. Wakasimama chini ya dirisha hilo hilo, kwa kuwa pale ndipo ndia inapopanuka. Afisa mmoja akasoma kwa kipaza sauti: wimbo mpya, umepatikana kwa Zein, kisha Baba, kisha Babu, kisha ukoo, kisha Kibokoni. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunidhania Zein mwingine.

Tarumbeta arubaini zikapigwa.

Muuza kahawa alibaki kikombe mkononi, kahawa yamwagikia mguuni. Halafu dirisha moja likacheka. La pili likacheka. Kisha mwanamke mmoja, simjui, juu kabisa, akaanza kuimba maneno. Maneno yalikuwapo! Yakashuka dirisha kwa dirisha, yakafika chini kwa wachukuzi wa samaki, na ndia nzima ikaimba kwa sauti moja na bendi ya jeshi:

*Kidani cha kuazima, shingo yajua mwenyewe;*
*Leo king'ae shingoni, kesho mwenye arejewe.*

Mzee aliyekuwa kando yangu akashika kichwa. Akasema, hasha, huu si ule alioimbiwa Mwanatumu?

Mwanatumu ni mama yangu.

Ule wimbo. Wenyewe. Nimeuchukua kwa miguu yangu hadi Ganjoni na kuulipua mjini kwa shaba.

Kapteni alipoona watu wanaimba alitokwa na machozi. Akadhani wamempenda. Akainua fimbo, akaurudia. Akaurudia tena. Mara ya tatu aliwageukia watu awaongoze wao.

Nikatazama juu. Ubao mmoja wa dirisha ukafungwa kwa upande wa Mama. Kisha wa pili, kwa upande wa Shangazi. Sahani ya kashata ikabaki nje peke yake.

Jumapili, 9 Juni

Ndoa haipo.

Shangazi amerudisha sinia zote za posa. Mama amerudisha sanduku la nguo. Wachukuzi wa sinia na wachukuzi wa sanduku walikutana katika kichochoro chetu, hakuna upande uliokubali kurudi nyuma, wakakaa pale hadi adhuhuri wakivuta sigara pamoja.

Shangazi amesimama mlangoni pasipo kuingia. Alisema, Mwanatumu, hukuitaka ndoa ungalisema, si kumtuma mwanao kwa Wazungu. Mama kutoka juu akasema, wifi, mwanangu alikuwa Malindi, huo wimbo asingeujua ila kwa kufundishwa, na nyumba inayoujua ni yako.

Wakaniita. Nani kakufundisha? Macho sita juu yangu, pamoja na ya Baba. Kobe akaingia ndani. Nilifungua mdomo, ukatoka mruzi. Sikuukusudia. Mama alikaa chini.

Bibi alikuwa jikoni akikuna nazi. Akasema tu, mwacheni mtoto, hajui kitu.

Ana huruma sana Bibi.

Ni kweli sikuweza kumtaja. Mzee wa miaka sabini, aliyeokota sauti ya watu bila kujua ina sumu. Wangemvunja moyo. Nimeapa kumlinda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeunda njia mbili.

Njia ya kwanza: kumwendea Kapteni aufute wimbo. Nilitunga maneno kwa Kiingereza, sentensi mbili. Ya kwanza ya kueleza msiba, ya pili ya kushukuru. Nikayakariri hadi Ganjoni. Kapteni alinipokea kwa mikono miwili, akanipa ndizi. Sentensi ya kwanza ikanitoroka. Nikasema ya pili.

Alifurahi mno. Akasema Nairobi wimbo utatiwa kwenye santuri, uuzwe Afrika Mashariki nzima, na jina langu katikati ya duara.

Nikala ndizi ile. Sikujua la kufanya jingine.

Njia ya pili: kumpa Sattar. Nikamwendea dukani, nikamwambia ndugu yangu, sema ni wako, nami sitakanusha. Akanishika bega kwa mapenzi. Kabla ya adhuhuri ameutangaza shule nzima. Alasiri mshonaji wa mama yake akamweleza wimbo ni upi na unamhusu nani. Kabla ya magharibi Sattar yuko mlangoni kwetu, mwekundu. Akasema, chukua chako, mama yangu asema chama cha mama yako kitamwimba hadi Bombay.

Nikauchukua.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimesema. Naandika kwa mshangao ambao haujapoa.

Khairiya hakunigombeza siku zote tatu. Hakulia mbele ya mtu. Jumamosi kabla ya gwaride mwanamke mpaka hina alikuja kumjaribia ua, akamaliza mkono wa kulia, akasema wa kushoto kesho. Kesho haikuja. Leo asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, mkono mmoja umechorwa hadi kiwiko na mmoja mtupu, anautazama ule mtupu. Akaniuliza kwa upole, Zein, mdogo wangu, uliupata wapi?

Hakuna aliyepata kuniuliza kitu kwa upole. Kobe akatoka.

Nikasema: kwa Bibi. Akikuna nazi. Mama akitoka.

Khairiya alinishika sikio kwa mkono wa hina, akanishusha ngazi hadi uani, akaniambia rudia. Nikarudia mbele ya Mama.

Jikoni, mbuzi ikanyamaza.

Mama hakupiga kelele. Alisimama kama mtu anayehesabu kitu. Kisha akasema polepole, miaka saba najiuliza nani aliyejua kwamba kidani sikukinunua. Sikumwambia mtu. Aliyejua ni mimi na aliyenipa.

Bibi akatoka jikoni, machicha mikononi. Akasema, mimi.

Shangazi aliitwa akaja akikimbia, buibui begani. Akakiri hapo hapo: mtungaji wa wimbo ule hakuwa mtu wa chama chake, alikuwa mamake mzazi, Mwanakuu, naye alimwapisha asiseme. Mama akamtazama Shangazi. Akasema, wifi, miaka yote hii nakuchukia wewe? Shangazi akasema, nawe ulinichukia vizuri, sina budi kukusifu.

Kisha wote wawili wakamgeukia Bibi. Nyanya wa watu! Mkono huu unaonilisha maandazi! Mama akauliza, kwani nilikukosea nini, mama yangu?

Bibi akasema, hukukirudisha.

Akamnyoshea Mama kidole chenye machicha.

Akasema: kidani changu ulikivaa kwenda harusi moja, siku ya pili hukukileta. Wala ya tatu. Nikakudai vipi? Wewe mkaza mwanangu, tunakula sinia moja. Mtu hudai kwa mdomo? Nikatunga, nikampa Bimdogo auimbe, usikie. Nyinyi mkaucheka mstari wa kwanza. Wa pili hakuna aliyeusikiliza. Nimekusubiri miaka saba, Mwanatumu, na kila ukitoka naukumbusha ukuta.

Mama akakimbia juu. Akarudi na kidani katika kitambaa kile kile. Alikuwa akilia na kucheka. Akasema alidhani amepewa. Alidhani ni tunu ya mkwe, na ndiyo sababu wimbo ule ulimchoma hivyo: vipi waseme cha kuazima, na mkwe wake mwenyewe amempa?

Baba kutoka barazani akauliza, kidani gani?

Bibi alikishika, akakipima mkononi, akakipangusa machicha. Nikadhani atakifungia. Akamwita Khairiya akamvisha shingoni. Akasema, nyote sikilizeni, na wewe Zein sikiliza zaidi. Huyu nimempa. Sikumwazima. Nimempa.

Mpaka hina ameitwa kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 13 Juni

Khairiya ameolewa. Sinia zimerudi, sanduku limerudi, wachukuzi ni wale wale, walisalimiana kama jamaa.

Mama na Shangazi walisimama mstari mmoja wa lelemama, vyama viwili pamoja, na waliuimba ule wimbo wenyewe kwa hiari, Mama akipiga kofi. Mstari wa pili ndio ulioimbwa kwa nguvu.

Abdulghafur alikuja kwa joho la Baba, aliloazimwa Jumatano kwa kuwa lake lililiwa na nondo. Mabega yalimzidi. Bibi alilitazama lile joho tangu mlangoni hadi ndani.

Nairobi sitakwenda. Mama amesema nimeshasafiri vya kutosha hadi Ganjoni. Koplo Wekesa alikuja kuniaga, akaniachia karatasi tupu zenye mistari ya nota na anwani ya Kapteni. Kapteni asema nikipata wimbo mwingine nimpelekee.

Nimeapa mbele ya Mama, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, kwamba sitachukua tena wimbo wa mtu.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya tatu ya fungate. Bwana harusi yuko kwetu siku saba, ndiyo ada, anakula vizuri. Joho bado limetundikwa chumbani mwao.

Adhuhuri Abdulghafur alikwenda msikitini. Nilikuwa nimekaa jikoni, nawaza maisha yangu. Bibi akaketi juu ya mbuzi, akachukua nazi. Krr, krr, krr. Na chini kwa chini, mdomo umefungwa, akaanza kuvumisha sauti mpya.

Sijapata kusikia kitu kama kile. Ule wa kwanza ulikuwa kutembea, huu ni kupanda farasi. Abdulghafur alipobisha hodi akanyamaza, maskini, ile aibu yake.

Nimeyapima mambo kwa akili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua wimbo wa zamani, ambao watu wameshaujua. Huu ni mpya kabisa. Hakuna harusi ulikoimbwa. Hauna maneno, isipokuwa neno moja lililomponyoka Bibi mwishoni, *joho*, na neno moja si wimbo.

Tena Bibi ni wangu.

Nimeuandika mwenyewe kwenye karatasi za Koplo Wekesa. Bahasha imefungwa, kesho asubuhi naipeleka posta. Jina nimeliandika kamili: langu, la Baba, la Babu, la ukoo, na mtaa. Na kwa kuwa sasa naye ni wa nyumba hii, chini yake nimeongeza kwamba wimbo umetungwa kwa heshima ya shemeji yangu Abdulghafur.

Nataka ashtuke.